Mwalimu, hiyo "will have been" ni ya nini hasa?

Tangu shule zifunguliwe, maswali mengi yanayonifikia yanahusu jambo moja: ule wakati wa Kiingereza ambao vitabu huuita "future perfect continuous". Nimechagua machache. Mliouliza kuhusu vihusishi, nivumilieni hadi safari ijayo.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ameniletea sentensi hii: "By December I will have been studying here for three years." Akaniuliza maana yake, nikajifanya napokea simu. Kwa Kiswahili tunasemaje, na kwa nini vitenzi viwe vinne? – Mzazi, Buhongwa

Marahaba, mzazi mwenzangu. Hiyo ya simu wengi tumeifanya.

Mwambie binti yako asimame Desemba, kisha ageuke nyuma ahesabu alikotoka. "Will" inampeleka mbele hadi Desemba. "Have been" inamgeuza atazame nyuma. "Studying" inaeleza kazi yenyewe, na kwamba siku hiyo ikifika huenda bado inaendelea.

Vitabu vitampa tafsiri ya "nitakuwa nimekuwa nikisoma". Si kosa, ila sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo kwenye daladala. Sisi tunasema, "Ikifika Desemba nitakuwa nina miaka mitatu nasoma hapa." Tazama tulichofanya: hatukurundika vitenzi, tumeufanya muda kuwa kitu ambacho mtu anacho, kama alivyo na ng'ombe au kiwanja. Mwingereza haoni hivyo. Yeye muda anausogeza mwishoni kwa "for", na mzigo wote anautwika kitenzi. Ndiyo maana kwenye madaftari nakutana na "By December I will have three years studying here". Hapo mtoto amefikiri vizuri kabisa, kwa Kiswahili.

Kwa hiyo aangalie vigingi viwili: siku ya mbele, yaani "by December", na muda, yaani "for three years". Ukimwambia mtu "I will have been studying" ukanyamaza, atabaki anakutazama akisubiri umalizie. Mimi nilipoanza kufundisha nilikuwa nawaimbisha wanafunzi fomula. Waliimba vizuri, wakaandika vibaya, na kosa lilikuwa langu. Ningeanza na kalenda.

Na jambo dogo la kumwepusha na alama nyekundu: ni "have" kwa kila mtu. "She will have been", kamwe si "she will has been". Baada ya "will", kitenzi hakivai "s".

Niko mapokezi hotelini. Nilimwandikia mgeni, "By the time you will arrive, our driver will have been waiting for an hour." Bosi akafuta "will" ya kwanza. Kwani mgeni hajafika, si ni wakati ujao? – Capri Point

Bosi wako yuko sahihi, na wewe una sababu ya kukosea. Kiswahili chetu kinaweka "-ta-" humo humo: "utakapofika". Ukiitafsiri hiyo "-ta-", unapata "will". Lakini Kiingereza, baada ya "by the time", "when", "before" na "until" za wakati, hukataa "will" na kutumia wakati uliopo: "By the time you arrive". "Will" moja, ile ya dereva, inatosha kubeba sentensi nzima.

Ila kama mwenye mashaka na huduma, ningeuliza pia: kwa nini umwambie mgeni kwamba dereva atakuwa amemsubiri saa nzima? Atajiona mkosaji kabla hajashuka kwenye ndege.

Nanunua dagaa Kirumba. Alikuja mtafiti mmoja akauliza wavuvi wakirudi watakuwa wamevua kwa muda gani. Nikamjibu, "When they come back at twelve, they will have been fishing since one o'clock." Akaandika, lakini uso wake ulionyesha hajaelewa. Nilikosea wapi? – Mwaloni

Kitenzi chako kimenyooka. Kilichopinda ni saa. Saa moja jioni yetu ni "seven in the evening", na saa kumi na mbili asubuhi ni "six in the morning". Yeye ameandika kwamba dagaa wanavuliwa kuanzia saa saba hadi saa sita, na sijui alifikiri ni mchana au usiku! Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, wao kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Ongeza au punguza saa sita kabla hujafungua mdomo.

Halafu, wakati huu unapenda "for" kuliko "since". "Since" si haramu, lakini aliyeuliza muda anataka jumla: "When they come back at six, they will have been fishing for eleven hours." Mvuvi atabisha kwamba kupiga kasia kwenda na kurudi si kuvua, kwa hiyo kama unataka amani mwaloni sema "they will have been out on the lake for eleven hours". Hapo kitenzi cha "-ing" kimeondoka, kwa sababu "be" yenyewe haibadiliki kuwa "been being".

Na usiku wa mbalamwezi, taa inaposhindwa kuwavuta dagaa, usitumie sentensi hii kabisa. Watu wako nyumbani wanashona nyavu.

Kuna tofauti gani kati ya "I will have written" na "I will have been writing"? Msimamizi wangu ananirudishia kila mara. – Mwanafunzi, Malimbe

Hapa ndipo penye utamu. "By Friday I will have written three chapters": Ijumaa sura tatu ziko mezani, zimeisha, unaweza kuzihesabu. "By Friday I will have been writing for three months": miezi mitatu ya jasho, na hakuna aliyeahidi kwamba kuna hata sura moja. Ya kwanza inahesabu mazao, ya pili inahesabu muda wa kulima.

Ndiyo maana "I will have been writing three chapters by Friday" inagonga. Umetoa idadi ya kilichokamilika, kisha ukachukua umbo la kisichokamilika. Ukiwa na idadi, tumia "written". Ukiwa na muda, tumia "been writing". Na ukimwandikia msimamizi barua ya kuomba muda zaidi, najua utachagua ipi.

Je, "I will have been knowing my wife for ten years" ni sahihi? – Seremala, Igoma

Hapana, fundi. "I will have known my wife for ten years." Kumjua mtu si kazi unayoifanya kwa vipindi, kama kupiga randa. Vivyo hivyo "own", "belong", "understand". Hongera kwa miaka kumi.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Nataka kuandika kwamba Juni 2030 litakuwa limetumika miaka mitano. Nikaandika "will have been being used". Kompyuta imepiga mstari mwekundu. – Sengerema

Mimi pia ningepiga. Kisarufi umbo hilo linaweza kuundwa, lakini wazungumzaji wenyewe wa Kiingereza hulikwepa. "Been being" inakwama kinywani. Mpe mtendaji nafasi yake: "In June 2030 people will have been using the bridge for five years." Sentensi imepumua.

Jihadhari na meli lakini. MV Victoria ilianza safari ziwani mwaka 1961, na kuna mtu aliniandikia kwamba mwaka 2031 "it will have been carrying passengers for seventy years". Hesabu ni sawa, ila meli ilisimama miaka kadhaa kwa matengenezo, ikarejea 2020. Umbo hili linamfanya msomaji aone kazi isiyokatika. Kwa chombo kilichokaa bandarini muda mrefu, afadhali useme kilianza lini na kilirudi lini.

Nilishuka kwenye meli alfajiri kutoka Bukoba. Mwenyeji wangu Mwingereza akaniambia, "You'll have been travelling all night, sit down." Safari ilikwisha! Wakati ujao umetoka wapi? – Nyakato

Hakuna wakati ujao hapo. Mwenyeji wako anakisia. Hajasafiri nawe, lakini ameona macho yako na mkoba, akajumlisha. "Will" hapo ina maana ya "bila shaka".

Usishangae sana, kwa sababu wewe pia unafanya hivyo. Jirani akiingia jioni, vumbi la Nyegezi limemfika magotini, unamwambia, "Utakuwa umetembea mchana kutwa, karibu maji." Umetumia "-ta-" kwa mchana uliokwisha, wala hakuna aliyekupigia mstari mwekundu.