Mkuu, usipulize sprei juu ya rangi ya mafuta. Weka hilo kopo chini kwanza

Simama hapo hapo. Usifungue hata kopo moja.

Nimesoma uzi wako kuanzia juu. Viti vya chuma vya mgahawa, vilipakwa rangi ya mafuta kwa brashi mwezi uliopita, sasa mteja anataka nyeusi isiyong'aa, na wewe umeshabeba katoni ya sprei kwa sababu muuza duka amekwambia "piga tu juu, inashika". Wachangiaji wanabishana kampuni ipi nzuri na kopo moja linamaliza viti vingapi. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kutakuwa na nini chini ya hiyo rangi mpya, na hela inapotelea hapo hapo.

Kazi kama hiyo yako ilishanitia hasara. Zilikuwa meza na viti vya skwea paipu, maungio yamesagwa mpaka huyaoni, vimepakwa rangi ya mafuta ya kijani. Mteja akabadili mawazo. Nikaenda dukani, nikaeleza kila kitu: ni chuma, kina rangi ya mafuta, imekauka, nataka kupuliza nyeusi. Jamaa wa kaunta akashusha katoni, akasema wala usihangaike na msasa. Nikapitisha msasa hata hivyo. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, nikapuliza mwepesi, ukakaa vizuri sana, nikapiga picha nikamtumia mteja, akafurahi. Mkono wa pili nikaujaza ili ufunike. Kabla chai yangu haijaisha, uso ukaanza kutembea. Ulianzia kwenye maungio ya miguu, pale brashi ilipoacha rangi nene, na kwenye kingo ambazo msasa ulikuwa umetoboa hadi chuma. Ukavimba, ukainuka, ukakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ukigusa kwa kidole, nyeusi na kijani vinatoka pamoja, chuma kinabaki kitupu.

Nikarudi dukani. Unajua niliambiwa nini? Eti sikutikisa kopo. Gololi iligonga mle ndani mpaka majirani wakadhani nimefungua baa! Halafu akaniambia niache ikauke, nipige tena juu, mikunjo itajifunika. Nikafuata. Mikunjo ikazidi, kwa sababu nilikuwa naiongezea dawa ile ile iliyoivimbisha. Mtu anauza rangi kutwa nzima lakini hajui ipi haikai juu ya ipi, bora auze misumari. Ukimwachia atakwambia hata dawa ya mbu inashika kwenye chuma. Bado nina hasira naye, kwa sababu makopo ni yake na maelezo yako mgongoni mwa kopo. Angesoma.

Na usidhani hasara ni bei ya katoni. Hasara ni kuondoa. Rangi iliyovimba haisagiki. Inayeyuka kwa joto la grainda, inajaza msasa unakuwa laini kama karatasi, unatupa unachukua mwingine. Nikahamia dawa ya kuondoa rangi, kisu, brashi ya waya, kona kwa kona, mguu kwa mguu, ndani ya zile pembe za skwea paipu ambazo mashine haifiki. Vijana niliwalipa kwa kazi ambayo mteja hakunilipa. Mgahawa ukafunguliwa na viti vya plastiki vya kuazima, na yule mteja kazi yake iliyofuata akampa mtu mwingine. Hata mimi ningefanya hivyo.

Sasa elewa kinachotokea. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kuruka tu. Inakamata hewa na kugeuka ngumu taratibu, na chini ya ngozi ya juu inabaki laini kwa wiki kadhaa, hasa ikipakwa nene. Hizi sprei nyingi za bei nafuu zinazokauka ndani ya dakika chache zina viyeyushi vikali, jamii moja na thina ya rangi za magari. Kiyeyushi kinapenya ile ngozi, rangi ya chini inavimba, inakosa pa kwenda, inajikunja. Mkono mwepesi unaweza kupona kwa sababu unaruka kabla haujazama. Ule wa kujaza ndio unaoua, na ndio maana unadanganyika mwanzoni.

Kanuni ni hii, iandike ukutani karakana: mafuta juu ya sprei ya thina iliyokauka, inakaa. Sprei ya thina juu ya mafuta, usiguse.

Kabla ya chochote, chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kwa thina kali, kibandike chini ya kiti mahali pasipoonekana kwa dakika chache, kisha sugua. Rangi ikinyanyuka na kukunjamana, ni mafuta na bado ni mbichi ndani. Ikiyeyuka ikapaka kitambaa kizima, hiyo ilikuwa ya thina. Ikibaki kimya kabisa, imeiva au ni ya kuokwa kiwandani, lakini hata hapo puliza kiti kimoja tu, mikono yote hadi wa mwisho, ukiache kilale mpaka kesho yake. Usipulize vyote kwa pamoja kwa sababu mteja anapiga simu.

Kwa hali yako ya mwezi mmoja, mimi naona njia mbili. Ama urudishe sprei dukani, ununue rangi ya mafuta nyeusi isiyong'aa, upige msasa namba 240 au 320, uizimue kwa tapentaini na uipulize kwa bunduki ya kompresa. Ama uvue viti hadi chuma kitupu, upige praima (rangi ya chini ya kushikilia) inayoendana na hizo sprei, ndipo ufungue katoni. Ya tatu, ile ya "nitapuliza nyembamba nyembamba", ndiyo niliyoanza nayo kwenye kisa cha hapo juu, mpaka nikajaza ili ifunike.

Hata sprei yenyewe kwa yenyewe ina masharti. Makopo mengine yameandikwa rudia mkono ndani ya saa 1, au subiri saa 24 au 48. Ukiingia katikati ya hapo unajikunjia mwenyewe rangi yako mpya. Soma kopo lako, usisome la jirani.

Na kwa kuwa nimeona kwenye picha mashine ya kuchomelea iko hatua chache kutoka hapo unapopulizia: gesi ya kopo inawaka. Hamisha viti au zima kazi ya moto. Barakoa za hospitali hazizuii mvuke, tafuta ile yenye vichujio vya kaboni.

Fanya jaribio la kitambaa leo, kisha weka hapa picha ya kitambaa na picha ya mgongo wa kopo. Mambo ya makopo mangapi tutayaongea baada ya hapo.