Jalidi inayohama: maswali yenu kuhusu miezi ya barafu

Ikiwa kwenye miezi ya barafu inayozunguka sayari za mbali ni baridi kali hivyo, jalidi, yaani tabaka jembamba la barafu juu ya ardhi, hubadilikaje bila kuyeyuka?

Haihitaji kuyeyuka. Vipande vya barafu vikisahauliwa kwenye friza kwa miezi kadhaa hupungua bila kuacha tone la maji, kwa kuwa barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, kisha mvuke huo huganda kwenye kuta zenye baridi zaidi. Kwenye mwezi usio na hewa, molekuli ya maji iliyobanduka juani huruka hadi itue mahali penye baridi ya kuishika.

Kwa nini mwezi Iapetus una upande mweusi na upande mweupe?

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote. Giovanni Cassini aliugundua mwezi huo wa Zohali mwaka 1671, akashangaa kuuona ukiwa magharibi mwa sayari lakini kuukosa ukiwa mashariki, naye akakisia kwa usahihi kwamba upande wake mmoja ni mweusi. Vumbi jeusi, ambalo chanzo chake kikuu ni mwezi wa mbali uitwao Phoebe, huangukia upande unaotangulia katika mzunguko. Mahali palipochafuka hufyonza joto zaidi la Jua, na kwa kuwa Iapetus huchukua siku 79 kujizungusha mara moja, mchana wake mrefu hupafikisha takriban nyuzi 144 chini ya sifuri, ilhali penye weupe hubaki kwenye takriban nyuzi 160 chini ya sifuri. Tofauti hiyo inatosha: barafu ya penye weusi hugeuka mvuke na kuacha uchafu wake nyuma, weusi ukazidi na joto likazidi, huku mvuke ukienda kuganda kwenye ncha na upande mweupe. Katika picha ambazo chombo cha angani kiitwacho Cassini kilipiga mwaka 2007, kuna kreta ambazo ukuta unaoelekea ikweta ni mweusi na ule unaoelekea ncha ni mweupe, ndani ya shimo moja.

Upo mwezi ambao jalidi yake haichakai?

Enceladus, mwezi mwingine wa Zohali. Michirizi ya mvuke na chembe za barafu inayofoka kwenye ncha yake ya kusini, iliyogunduliwa mwaka 2005, huunyunyizia barafu mpya kila siku.

Na Europa, mwezi wa Mshtarii, je?

Hapo mtendaji mkuu ni mionzi inayonaswa na usumaku wa Mshtarii. Huvunja molekuli za maji na kuvuruga mpangilio wa fuwele za barafu, ambao joto huurudisha taratibu. Salfa itokayo kwenye volkeno za jirani yake, Io, hutua zaidi upande wa Europa unaobaki nyuma katika mzunguko, na ndiyo maana upande huo una wekundu.