Nafasi yako chuo cha jimbo Marekani: jua kwanza uko foleni ipi

Mtoto akiniuliza kama atapata UCLA au Michigan, sianzi na alama zake. Namuuliza anaishi jimbo gani, tangu lini, na anataka kusoma nini. Alama zinafuata baadaye.

Nilianza kujaza fomu hizi na binti yangu, kisha wakaja watoto wa ndugu, kisha wa marafiki. Kinachowachanganya karibu wote ni ile asilimia moja inayozungushwa mtandaoni, kwamba chuo fulani huchukua watu kadhaa kwa kila mia. Asilimia hiyo inajumlisha watu ambao hawashindani wao kwa wao. Chuo cha jimbo hupata sehemu ya fedha zake kutoka kodi za wakaazi, na wabunge wa jimbo hawako tayari kuona watoto wa wapiga kura wao wakisukumwa nje na wageni. Kwa hiyo kuna foleni zaidi ya moja, na hazitembei kwa kasi moja.

North Carolina waliliweka jambo hili kwenye maandishi: mwaka 1986 ilipitishwa kanuni kwamba wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 18. Mtoto wa Charlotte, ndani ya jimbo hilo, na mtoto wa Atlanta, jimbo la Georgia, wenye alama zilezile wakiomba chuo kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, ugumu wanaokutana nao haulingani hata kidogo.

Texas wana utaratibu wao. Sheria ya 1997 ilimpa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vya umma vya jimbo kila aliyemaliza haiskuli ya Texas akiwa ndani ya asilimia 10 bora za darasa lake. Chuo kikuu cha Texas pale Austin kikafurika, na mwaka 2009 wabunge wakakiruhusu kubana kiwango hicho. Kwa wanaoingia vuli ya 2026, kiwango cha Austin ni asilimia 5. Mwenye bahati ya kuishi huko hahitaji kubashiri sana. Aende kwa mshauri wa shule akaulize yeye ni wa ngapi darasani. Ila sheria inamhakikishia chuo tu. Uhandisi au biashara ni mazungumzo mengine.

Na hapo kwenye kozi ndipo wazazi wetu hawataki kusikia. Kila nyumba inataka kompyuta au uhandisi. Illinois pale Urbana-Champaign, au Washington pale Seattle, ni vyuo ambavyo mwanafunzi mzuri wa kawaida anaweza kuvitazamia, lakini kozi ya kompyuta ina mlango wake mwembamba kuliko wa chuo chenyewe. Utasikia ushauri wa mjini: omba historia, ukishaingia hamia kompyuta. Mimi siupendi. Vyuo vyenyewe vimeshaushtukia ujanja huo, na kuhamia kozi hizo ukiwa ndani kumekuwa kugumu au hakuruhusiwi kabisa. Unaweza kujikuta miaka minne kwenye kozi usiyoipenda.

Sasa alama. Andika jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set, utapata waraka ambao vyuo vingi hutoa kila mwaka. Nenda sehemu ya C. Jedwali la C7 linaonyesha chuo kinathamini nini: ugumu wa masomo uliyochukua, wastani wa alama za shule (GPA), insha, mitihani, ukaazi. C9 ina alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo, za walioanza masomo, kwa ngazi ya 25 na ya 75. Maana yake robo ya wanafunzi wako chini ya ile namba ndogo, na watoto wakiiona hufurahi wakidhani ndicho kiwango cha kuingilia. Haikuwekwa kwa maana hiyo. Kwenye robo ile ya chini wamo pia wanamichezo waliotafutwa na makocha, na namba zenyewe huchanganya wakaazi na wageni. Anayeomba kutoka nje ya jimbo mimi humwambia ajipime na ile namba kubwa.

Vyuo vya UC (University of California, vyuo vikuu vya jimbo la California), yaani Berkeley, UCLA, Davis na wenzao, havitazami SAT kabisa wakati wa kudahili. Wastani wa mwombaji huhesabiwa kwa masomo yaliyoidhinishwa na UC ya darasa la 10 na la 11, na unatakiwa uwe angalau 3.0 kwa mkaazi, 3.4 kwa asiye mkaazi. Hicho ni kiwango cha kukubaliwa kusomwa; wanaodahiliwa Berkeley wako juu zaidi sana. Kinachobaki ni majibu mafupi manne, kila moja lisizidi maneno 350, na orodha ya shughuli. Watoto wetu hapa hujipunja. Anaandika klabu aliyohudhuria mara chache, halafu anaficha kwamba amelea wadogo zake miaka yote mama akiwa zamu ya usiku, au kwamba ndiye mkalimani wa bibi hospitalini. Fomu ina nafasi ya majukumu hayo, na wasomaji hupima ulichofanya kulingana na mazingira uliyonayo. Yaandike, na utaje saa kwa wiki.

Anayeomba akiwa bado nyumbani Afrika Mashariki aongeze hesabu ya fedha. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hapati msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, hulipa ada ya asiye mkaazi, na kabla ya kupewa na chuo fomu ya I-20, ile ya kuombea viza hiyo, lazima aonyeshe pesa zitatoka wapi. Barua ya kukubaliwa bila jibu la swali hilo haimfikishi uwanja wa ndege.

Kwa anayeishi California na alama zake hazitoshi, mimi humpeleka chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) bila aibu yoyote. Vyuo 6 vya UC (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) vina mkataba wa TAG (Transfer Admission Guarantee) kwa wanaotoka vyuo hivyo vya jamii: ukitimiza wastani na masomo yaliyotajwa, nafasi ya kuhamia imehakikishwa, ingawa baadhi ya kozi haziko ndani yake. Maombi ya TAG kwa wanaohamia vuli hupelekwa Septemba ya mwaka uliotangulia, kabla ya fomu yenyewe ya UC.