Kopo Liko Mezani

Kaka yangu alioa Pemba, ile ya Msumbiji, akamleta mkewe hapa Malindi. Wifi anasema Kimwani, ambacho Mswahili hukishika kwa kiasi kikubwa, lakini akiwa na haraka hutokwa na Kireno. Jioni moja tulikuwa tunaandaa chai, nikamuuliza bilauri iko wapi. Akanijibu kutoka jikoni: *O copo está na mesa.*

Masikio yangu yaliokota "kopo", "na", "meza". Nikadhani anataka kopo na meza pia. Nikaikokota meza hadi mlango wa jiko, na bilauri iliyokuwa juu yake ikaanguka, ikavunjika.

Ukitaka kujifunza Kireno, anzia kwenye sentensi hiyo hiyo. Maneno mawili unayo tayari. Vasco da Gama alitia nanga hapa kwetu mwaka 1498, na Wareno wakaja kutuachia meza, kopo, leso na bendera. Ila kopo lao ni bilauri, letu ni la bati.

Kilichoniponza ni *na*. Kwao si kiunganishi. Ni *em*, yaani "katika", iliyomeza *a* inayotangulia *mesa*. Ikikutana na *o* inakuwa *no*: *no copo*, ndani ya bilauri. Ni kazi ya -ni yetu katika "mezani", ila wao huiweka mbele. "Na" yetu wao husema *e*.

Hizo *o* na *a* watu hutishana nazo bure. Ni ngeli tu, tena mbili: ya kiume na ya kike. Sisi tunaosema kopo jeupe, meza nyeupe, tutashindwaje na *o copo branco, a mesa branca*? Usitegemee tu herufi ya mwisho, maana siku ni *o dia*. Shika jina pamoja na *o* au *a* yake.

Sasa *está*. Wareno wana vitenzi viwili, *ser* na *estar*, ambavyo wengine hufundishwa kwa miezi. Wewe jiulize: ungesema "ni" au "liko"? Kopo ni jeupe, *o copo é branco*. Kopo liko mezani, *está*. Usiuvute mfano huu mbali sana, kwa sababu hali ya kupita nayo huchukua *estar*: nikichoka nasema *estou cansada*, na mwanamume atasema *cansado*.

Mimi niliigeuza sentensi hiyo wiki nzima nikiosha vyombo. Makopo yako mezani: *os copos estão na mesa*. Kopo haliko mezani: *o copo não está na mesa*. Hiyo *não* lazima ipite puani, na Kiitaliano cha ufukweni tulichokizoea Malindi hakikusaidii hapo. Wifi akinisikia nikiitamka, huniuliza kama nina mafua.