Paul Ngozi, jirani yetu wa upande wa pili wa reli

Mkuu, umeuliza ni mpiga gitaa gani wa roki wa zamani ambaye hajapewa haki yake, na naona waliotangulia wameshakupeleka Ireland kwa Rory Gallagher na Uingereza kwa Peter Green. Sina ugomvi nao, hao ni mafundi. Ila wa kwangu huhitaji hata kuvuka bahari. Panda treni pale TAZARA, Dar, shuka kilomita 1,860 baadaye Kapiri Mposhi, Zambia, umeshafika kwao.

Anaitwa Paul Ngozi. Jina la ukoo ni Nyirongo, Paul Dobson Nyirongo, kazaliwa 1949, kafariki 1989.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa mabehewa, na safari za Zambia zilikuwa kama za kwenda Temeke kwake. Kuna mara alirudi na kanda ambayo mtu ameiandika kwa kalamu ya bluu neno moja tu, NGOZI. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na moja. Nikajua ni ngoma za asili, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa, basi. Nikaitia kwenye redio kaseti. Kilichotoka kilinifanya niizime haraka, maana niliona nimeua spika ya mwenye nyumba. Sauti inakwaruza, inaunguruma, kama bati linaburutwa kwenye lami. Nikatoa kanda, nikaizungusha kwa penseli, nikarudisha. Vilevile. Kuna jamaa anaimba maneno ambayo nusu nayaelewa na nusu siyaelewi: "nizakupanga ngozi". Ni nani anapangwa ngozi?

Miezi michache baadaye nikarekodi nyimbo za redioni juu ya kanda ile. Pande zote mbili. Nitairudia hiyo.

Ruka hadi 2024. Mtoto wa dada yangu yuko sebuleni na simu, anasikiliza wimbo mpya wa rapa Tyler, the Creator, ule unaoitwa "Noid". Mimi nachambua mchicha huko, sina habari. Ghafla nasikia gitaa lile la bati na maneno yaleyale. Nikaja mbio na kisu mkononi, mtoto wa watu akaogopa. "Mjomba, kuna nini?" Nikamwambia rudisha nyuma. Tukatafuta, na kweli Mmarekani amechukua kipande cha Ngozi Family, bendi ya Paul, kutoka "Nizakupanga Ngozi" uliotoka mwaka 1977 kwenye santuri yao iitwayo 45,000 Volts. Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimekaa na hicho kitu kichwani bila kujua ni cha nani.

Na hapo ndipo nikajua ngozi yenyewe siyo ngozi. Kwa Kinyanja ngozi ni ajali, ni hatari. "Panga" yao ni kufanya. Kwa hiyo jamaa anasema nitakuletea balaa. Ukikumbuka kwamba bendi kubwa kuliko zote za Zambia wakati ule, WITCH, jina lao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta fujo", unaona vijana wale walikuwa na ajenda moja.

Muziki wenyewe wanauita Zamrock. Miaka ya sabini mwanzoni shaba ilikuwa na hela, vijana wa Lusaka na miji ya migodi walikuwa wakisikiliza Hendrix na Black Sabbath, na Rais Kaunda aliagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani. Ukishafungia wageni mlango namna hiyo, lazima mtu wa ndani ajaze nafasi. Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya muongo, na baadaye UKIMWI ukapita na wanamuziki wengi sana wa kizazi kile.

Turudi kwenye gitaa, maana ndilo uliloulizia. Mimi hupiga kidogo, nimekulia kwenye dansi. Sisi Dar gitaa letu ni safi kama maji ya mtungi: solo, solo la pili na rithimu zinasukana, kila mtu na njia yake, na akikosea mmoja unamsikia. Paul hana wa kusukana naye. Nyuma yake kuna besi na dramu, kwa hiyo nafasi yote ni yake, na anaijaza kwa fazi. Fazi ni kikorokoro cha kukanyaga kwa mguu. Kinakata vichwa vya mawimbi ya sauti ili noti ikwaruze na ikae muda mrefu bila kufa. Ndiyo maana hahitaji noti nyingi. Anashika nyuzi nene, anarudia kitu kifupi mpaka kinakuwa kama kiapo, halafu anavuta uzi mmoja juu na kuuacha ulie. Wapo wanaosimulia kwamba jukwaani alikuwa anapiga hadi kwa meno. Sawa, lakini hata bila meno.

Nilijaribu kumuiga. Nilipeleka ampu kwa fundi Gerezani nikamwambia nataka isikike kama imepasuka. Akanitazama, akasema, "Kaka, watu wanakuja hapa kuondoa hiyo."

Sitakudanganya kwamba kila kitu chake ni dhahabu. Rekodi nyingine zinasikika kama zimepigwa ndani ya pipa, mashairi yake ya Kiingereza mengine ni mepesi mno, na kuna solo zinazofanana. Akiimba Kinyanja ndipo anakuwa mtu mwingine: mcheshi, mchokozi, anasema watu. Ndiyo maana Zambia kwenyewe hajawahi kuwa mdogo. Wasiomjua ni sisi, tulioona treni ikienda na kurudi na mizigo.

Ukitaka kuanza, anza na Day of Judgement ya 1976, kisha hiyo 45,000 Volts. Siku hizi zimetolewa upya na zinapatikana kirahisi.

Mwezi uliopita nilimpelekea baba mdogo wimbo huo kwake Yombo. Amestaafu, masikio yamechoka kidogo. Nikamwekea spika ndogo karibu na kiti, nikapiga "Nizakupanga Ngozi". Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kikienda taratibu. Kisha akauliza, "Kanda yangu uliiweka wapi?"

Nikamwambia baba, hii hapa ni nzuri zaidi, wameisafisha. Akasema ndiyo, lakini ile ilikuwa na sauti ya rafiki yake wa Kapiri akimsalimia kabla ya wimbo kuanza.

Bado sijamwambia.