Bosi wako kwenye mfumo ni nani? Maswali yenu kuhusu Teams, Google na chati ya ofisi

Maswali ya aina hii yamekuwa mengi tangu ofisi nyingi zihamie kwenye Teams ya Microsoft na Google Workspace (programu za ofisi za barua pepe, meseji na mafaili) na nayapenda sana, kwa sababu ile chati ya nani yuko chini ya nani watu wanaichukulia kama sehemu ya kuangalia picha za wenzao tu, kumbe kwenye ofisi nyingi ndo inayoamua ombi lako la likizo linatua kwa nani. Twende.

Nilihamishwa kutoka stoo kwenda manunuzi mwezi wa nne, barua ninayo, ila Teams bado inaonyesha bosi wangu ni yule wa stoo na maombi yangu ya likizo yanaenda kwake. Naweza kujibadilishia mwenyewe? – Afisa manunuzi, Arusha

Hapana ndugu yangu, na Teams yenyewe haina hata pa kubadilishia. Inachokuonyesha inakitoa kwenye daftari la watumiaji la Microsoft linaitwa Entra ID, lile ambalo mpaka 2023 lilikuwa Azure Active Directory, na huko kila akaunti ina sehemu imeandikwa "Manager" ambayo admini, yaani msimamizi wa mfumo, ndo anaijaza. Akiingia Microsoft 365 admin center, Active users, akafungua jina lako akabadilisha hapo, kazi imeisha, ila usishangae Teams ikikaa hata siku nzima kabla haijaonyesha bosi mpya. Sasa kuna kitu kinawakwamisha admini wengi: kama ofisi yenu bado ina seva yake ya Active Directory hapo ndani (daftari kama hilo, ila linakaa ofisini) na akaunti zinapandishwa kutoka huko, basi huku juu mtandaoni hatakubaliwa kubadili, abadilishe kwenye seva alafu asubiri zisawazishwe, kwa kawaida ni kila dakika 30.

Na lile ombi ambalo limeshaenda kwa bosi wa stoo halitajihamisha lenyewe, litengue utume upya, au mwombe yeye alisogeze kwa bosi mpya.

Hapa naomba niseme na watu wa HR kidogo. Barua ya uhamisho mnaiandika, nakala inaenda kwenye faili, nakala kwa mkuu wa idara, nakala kwa mhasibu, na mtu wa IT hamna anayemkumbuka, anakuja kujua miezi mitatu baadae mtu anapolalamika. Muwekeni kwenye orodha ya nakala. Yeye hana namna ya kujua nani kahamishwa, na wala sio kazi yake kuamua nani ni bosi wa nani, hiyo ni kazi yenu, yeye anaandika mlichoamua.

Sisi ni shirika la miradi, mtu mmoja anaripoti kwa meneja wa mradi na pia kwa mkuu wa idara. Mfumo unakubali mmoja tu. Tumuweke nani? – HR, Mombasa

Ni kweli dada, ile sehemu ya "Manager" kwenye Entra inabeba mtu mmoja tu, hamna ujanja wa kuweka wawili. Kwa hiyo jiulizeni nani anasaini likizo ya huyu mtu na nani anamjazia fomu ya tathmini mwisho wa mwaka, huyo ndo aende kwenye chati, na mara nyingi atakuwa mkuu wa idara kwa sababu mradi unaisha ila ajira inabaki. Meneja wa mradi mtengenezeeni timu ya mradi ndani ya Teams awe "Owner" wa hiyo timu, hapo atagawa kazi, atafuatilia, ataitisha vikao bila kuhitaji kuwa juu ya mtu kwenye chati. Kwa wanaotumia Google, kule kuna namna ya kurekodi bosi wa pili wa pembeni kupitia API ya Directory (mlango wa programu kuongea na daftari la watumiaji) lakini inataka mtu anayejua kuandika programu, na mabosi wa pembeni wasigeuzwe kuwa wa kuidhinisha malipo, maana ombi moja likiwa na milango miwili kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Umeuliza pia mkurugenzi awekewe nani juu yake, ye hiyo sehemu yake iacheni wazi. Nimeona ofisi wanatengeneza akaunti ya "Bodi" ili mkurugenzi awe na mtu juu yake kwenye picha, sioni faida yake, inabaki akaunti isiyo na mwenyewe na hiyo ni hatari kiusalama.

Meneja wetu wa tawi kaacha kazi, nikafuta akaunti yake kama kawaida, kesho yake watu wake wote wanaelea kwenye chati na fomu zao zinagoma. Nini kimetokea? – IT, Dar

Kaka hili ndo swali lililonifanya niandike leo, kwa sababu linatokea kila sehemu na linaumiza watu wa chini ambao hawajafanya kosa lolote. Ukifuta akaunti ya bosi, mfumo hauwapandishi watu wake kwa bosi wa juu yake, unawaacha hawana mtu. Alafu kama fomu zenu zimejengwa kwa Power Automate (programu ya Microsoft ya kupeleka maombi yenyewe) zinatumia kile kipande cha "Get manager" kinachomtafuta bosi wa mtu, kikikuta mtu hana bosi kinatoa eror na fomu nzima inasimama hapo, mtumaji anaona kimya tu anadhani bosi hajajibu.

Kwa saa hizi: kama hazijapita siku 30 akaunti ya Microsoft bado inarudishika, Google ni siku 20, ila kwa shida yako huna haja ya kuirudisha, wapangie watu wale bosi mwingine basi. Wakiwa wachache fanya kwa mkono. Wakiwa wengi tumia PowerShell ya Microsoft Graph (zana ya kuandika amri badala ya kubonyeza), amri inaitwa Set-MgUserManagerByRef, unaandaa faili la CSV (jedwali la kawaida la maandishi) lenye safu mbili, mfanyakazi na bosi wake, na amri inalipitia mstari mmoja mmoja. HR alipitie hilo faili na asaini kabla hujabonyeza chochote.

Kwa siku zijazo fuata mpangilio huu. Mtu akiaga, kwanza unamfungia asiingie tena, pili unatoa orodha ya walio chini yake, tatu HR anakwambia kila mmoja anaenda kwa nani, nne unawahamisha, kufuta akaunti kunakuja mwisho kabisa. Na kwenye Power Automate wekeni njia ya dharura, kwamba asipopatikana bosi ombi liende kwa HR, ni kazi ndogo ila inaokoa likizo ya mtu mwenye msiba.

Bosi wetu anaenda likizo ya uzazi, kuna kaimu. Tubadilishe chati au tuache? – Katibu muhtasi, Dodoma

Likizo ya uzazi kwa sheria ya Tanzania ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa hiyo huo ni muda mrefu, sio wa kusema atajibu kwa simu. Kama barua ya kukaimu inampa kaimu kusaini likizo na matumizi, badilisheni chati tangu siku ya kwanza na muandike kwenye kalenda ya HR siku ya kurudisha, hiyo siku ya kurudisha ndo inasahaulika na mama wa watu anarudi kazini anakuta hana timu. Cheo chake kiacheni vilevile. Ila kama bosi kasafiri wiki moja tu msiguse kitu, maombi ya Approvals (sehemu ya kuidhinisha) ndani ya Teams yanaweza kukabidhiwa mtu mwingine.

Kwenye Google nimepanga watu kwa "Organizational units" kufuata idara, mbona bosi haonekani kwenye profaili zao? – Mwalimu wa kompyuta, Nakuru

Hizo units ni za kugawa ruhusa na huduma, nani apate Drive, nani afungiwe YouTube, hazijui habari ya bosi. Bosi anajazwa kwa kila mtumiaji, fungua jina lake kwenye Admin console, User information, Employee information, weka imeili ya bosi. Wakiwa wengi kuna kupakia CSV.

Nikiwekwa kuwa bosi kwenye chati, nitaweza kusoma meseji za walio chini yangu? Wenzangu wanaogopa. – Msimamizi wa zamu, Mwanza

Hapana, waambie wasiogope. Kuwa juu ya mtu kwenye chati hakukufungulii meseji zake wala mafaili yake akiwa bado yupo kazini. Zipo zana za kuchunguza mawasiliano ya ofisi, ila zinatolewa kwa watu maalum kwa ruhusa tofauti kabisa, na wafanyakazi wana haki ya kuuliza HR ni nani anazo na kwa utaratibu gani. Waulize kwa maandishi.