Bata kwenye mpunga: nilichokiona Texas, na habari ya Ahero

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuchukua bunduki ukawinde bata wa mashamba ya mpunga Ahero, karibu na Kisumu hapa Kenya, kama wale Wamarekani wa kwenye video: hapana. Uwindaji wa kujifurahisha ni kosa chini ya sheria yetu ya wanyamapori ya 2013. Usijaribu hata kwa manati.

Ila hao wa kwenye video nawajua. Kabla sijarudi Kisumu nilifanya kazi Texas, na misimu miwili mzee mmoja mkulima wa mpunga pale El Campo alinichukua kuwinda. Bata wenyewe ni wadogo, bawa la buluu, wanaitwa teal. Wanaikimbia baridi ya kaskazini mapema kuliko bata wengine, ndiyo maana wametengewa siku chache za Septemba. Miaka yangu kikomo kilikuwa ndege 6 kwa mtu kwa siku, basi.

Watu hudhani kazi ni kulenga. Kazi ni maji. Bata huyu hazami, anainamisha kichwa tu na kuchakura, kwa hiyo maji yakipita goti anaruka anakwenda zake. Mzee alikuwa akiingia na gamboti, anasimama, anatazama maji yamefika wapi. Yakikaribia nusu ya buti, anafungulia tuta yapungue. Bata bandia wa kuwavutia walio hai ni kumi na wawili tu, karibu wote wa kahawia, kwa sababu Septemba hata madume hawajavaa rangi zao.

Na hapo ndipo nilipoaibika. Alfajiri, mbu wamenila masikio, kundi likapita chini kwa kasi, nikaona buluu bawani nikainua bunduki. Mzee akausukuma mtutu chini kwa kiganja. "Tazama mdomo." Mdomo mpana kama mwiko! Bata mwingine kabisa, naye ana buluu ile ile, na msimu wake haujafunguliwa. Ningempiga ningelipa faini, na mzee angeaibika kwa majirani.

Marisau (vile vipunje vya bunduki) ya madini ya risasi nayo hayaruhusiwi kwa bata huko tangu 1991; hutumika yasiyo na sumu, kama ya chuma. Bata humeza changarawe za kumsagia chakula, akiokota marisau hayo ya risasi kwenye tope yanamuua polepole.

Sasa nikienda Ahero nabeba darubini. Wetu ni wa mdomo mwekundu, na kuanzia Oktoba hivi wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, akiwemo huyo huyo wa mdomo wa mwiko; Ziwa Nakuru utamkuta pia. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, omba ruhusa kwa mwenye shamba, tembea juu ya tuta usikanyage miche. Na ukiuziwa bata wa pori bei ya kutupa, hasa upande wa Bunyala kule Busia, usile. Kuna watu huko wamekuwa wakiwategea ndege sumu ya wadudu kisha wanauza nyama.